Shajara ya vitenzi vyenye mkia: wiki 12 kati ya Kigamboni na Kivukoni

Kabla ya kuanza

Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Napokea barua pepe za wasafirishaji wa nje, nahakiki hati za mzigo, napanga magari ya kwenda kuchukua makontena. Kiingereza nilikisoma sekondari kama kila aliyepita huko, na kanuni za forodha zenye kurasa kumi nazisoma nikazielewa. Kilichonishinda ni sentensi ya maneno sita.

Iliingia Ijumaa jioni nikiwa nimeshabeba mkoba: "Saturday's pick-up has been called off." Chini yake: "Will follow up Monday." Jicho langu likatua kwenye "called". Kuita. Nikaelewa kwamba gari limeshaitwa, kilichobaki ni kwenda. Nikampigia simu dereva wa trela, nikamwambia kesho alfajiri.

Jumamosi saa 12 asubuhi alikuwa nje ya geti la bandari kavu, yeye na utingo wake. Wakakaa hapo hadi saa 10 jioni, kwa sababu "called off" ni kufutwa: shughuli ya siku ile haikuwepo tena. Nilipofika na chakula niliwakuta wametandika maboksi chini ya trela, kivulini, kati ya matairi ya nyuma. Dereva hakunifokea. Aliinuka, akakung'uta suruali, akasema, "Dada, siku yangu imekwenda hivyo hivyo." Utingo wake ni kijana mdogo anayelipwa kwa safari. Hakuna safari, hakuna malipo. Chakula nilichobeba hakikufidia hilo, na pesa niliyowapa haikufidia pia.

Usiku ule nilifungua barua pepe zote za miezi sita iliyopita, nikapigia mstari kila kitenzi cha Kiingereza kilichofuatwa na kineno kidogo: off, up, out, on, in, over, through. Walimu huviita "phrasal verbs". Humu nitaviita vitenzi vyenye mkia, kwa sababu ndivyo ninavyoviona: kitenzi unakijua, halafu mkia unakigeuza kuwa kingine. Nilipata 143. Nikatoa 23 ninavyovijua bila kufikiri. Vimebaki 120, nami nimejipa wiki 12.

Wiki ya 1

Nimenunua manila mbili, nimekata kadi za ukubwa wa kiganja. Upande mmoja naandika sentensi nzima kama ilivyokuja kwenye barua pepe, upande wa pili maana ya sentensi nzima kwa Kiswahili. Siandiki neno peke yake. "Off" ikisimama peke yake sina la kuandika nyuma ya kadi.

Boksi la viatu nimeligawa vyumba vitatu. Utaratibu huu ulipendekezwa na mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi mpya inakaa chumba cha kwanza na inarudiwa kila siku. Ukiipata inahamia cha pili, ambako inarudiwa kwa nafasi zaidi, kisha cha tatu. Ukiikosa, hata kama ilishafika chumba cha mwisho, inarudi mwanzo. Naupenda kwa sababu muda wangu mwingi unaenda kwenye kadi zinazonisumbua, si kwenye zile zinazonifurahisha.

Darasa langu ni pantoni. Naishi Kigamboni, nashuka Kivukoni kila asubuhi, na kusubiri pamoja na kuvuka kunanipa kama nusu saa. Jioni nyingine kama hiyo.

Nilianza na "get", kadi 14 kwa mpigo. "Get on" na "get off" ziliingia siku ya kwanza kwa kuwa nilikuwa nazitenda. Pantoni, daladala, treni na ndege ni "get on" na "get off". Gari dogo na teksi ni "get in" na "get out". Ukiweza kusimama na kutembea ndani ya chombo, ni "on". Bodaboda na baiskeli pia ni "on", kwa kuwa unakaa juu yake. Bajaji nimeipeleka kwenye "get in", maana humo hakuna wa kusimama. Sisi vyote tunapanda na kushuka, basi.

Lakini "get over", "get by", "get through", "get across" na "get away with" zilianza kufanana sura. Kufikia Alhamisi nilikuwa nikiangalia kadi na kujua tu kwamba ni mojawapo ya zile.

Jumamosi mdogo wangu, yuko kidato cha nne, alichomoa kadi 20 bila kuchagua na kunisomea. Nimepata 6.

Wiki ya 2

Nimeongeza "take" na "put". Mtihani wa Jumamosi: 7 kati ya 20. Mdogo wangu aliniuliza, "Dada, mbona unazichanganya zilezile?" Ni kweli. Nikikosa "put off" najibu maana ya "put out", nikikosa "take on" najibu ya "take over". Nimezipanga kwa namna inayozifanya zigombane kichwani.

Wiki ya 3

Jumanne ofisini. Nilikuwa na kadi mkononi, imeandikwa "Please follow up with the shipping line." Mkuu wangu akapita mlangoni na kuniuliza, "Ile hati umeifuatilia?"

Fuata. Fuatilia.

Follow. Follow up.

Nilikaa na kadi ile nikiwa sisikii tena mtu. Mtu anayefuata anakwenda nyuma ya kitu. Anayefuatilia haachi mpaka apate jibu. Kitenzi ni kilekile, na kilichoongezwa ni mkia tu. Wenzetu wameuweka nje ya kitenzi, wakaacha nafasi katikati. Sisi tumeushonea ndani.

Jioni kwenye pantoni sikugusa kadi. Niliandika nyuma ya bahasha kila kilichonijia. Enda ni "go", endelea ni "go on". Tupa ni "throw", tupilia mbali ni "throw away". Futa ni "wipe", futilia mbali ni "wipe out". Kata ni "cut", katiza ni "cut off", kama vile kumkatiza mtu anapozungumza au kukatizwa simu. Huyu anayesema futilia badala ya futa anajua kabisa kwamba ameongeza kitu, na hakuna aliyemfundisha kanuni. Anasikia.

Miaka yote nimekuwa nikiambiwa kwamba vitenzi hivi ni maajabu ya Kiingereza, vya kukariri tu, kimoja kimoja. Mtu anayezungumza Kiswahili amezaliwa na kiungo hichohicho. Nina uchungu kidogo kwamba nimelijua hili nikiwa na umri huu, juu ya maji, na sikuambiwa darasani.

Na kuna piga. Mgeni anayejifunza Kiswahili anaambiwa piga ni kugonga kwa mkono au fimbo, halafu anakutana na piga simu, piga picha, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga deki, piga hodi, piga magoti. Anateseka kama ninavyoteseka mimi na "get". Nikimfikiria mgeni yule, najionea huruma kidogo na kujiamini zaidi.

Mtihani wa Jumamosi sikuufanya. Nilizimwaga kadi zote mkekani nikaanza kuzipanga upya, kwa mikia.

Wiki ya 4

Mpangilio mpya: kila siku mkia mmoja, vitenzi sita hadi vinane.

"Up" mara nyingi ni kufikisha jambo mwisho wake. "Eat" ni kula, "eat up" ni kula mpaka sahani iwe tupu. "Use up" ni kutumia kitu kikaisha. "Fill up" ni kujaza tangi mpaka pomoni. Hapo naisikia ile "-ilia" yetu ya kushindilia na kupigilia.

"Off" mara nyingi ni kuachana, kutengana, kutoka kwenye kitu. "Set off" ni kuanza safari, "take off" ni ndege kuruka, "drop off" ni kumshusha mtu au mzigo mahali ukaenda zako. Na "take off" ya pili ni kuvua. Hapa niligundua kitu kingine kinachonipendeza: sisi tuna vaa na vua, funga na fungua, kunja na kunjua, panga na pangua, chomeka na chomoa. Silabi inabadilika, tendo linarudi kinyumenyume. Kiingereza kinafanya hivyo kwa "on" na "off": "put on" ni vaa, "take off" ni vua, "turn on" ni washa, "turn off" ni zima.

"On" ni kuendelea bila kukatika: "carry on", "keep on", "go on". "Out" ina sura nyingi, ila mbili zinatokea sana kwenye barua zangu: kitu kuisha, kama "run out", na jambo lililofichika kutoka nje, kama "find out". "We have run out of space" niliandika nyuma yake "Tumeishiwa nafasi". Tazama neno ishiwa. Isha imepewa mkia wake, na aliyepatwa na jambo amekuwa kichwa cha sentensi, sawasawa na ile "we".

Mtihani: 13 kati ya 20.

Wiki ya 5

Nimepata wakaidi.

Furaha ya wiki iliyopita ilinifanya nitake kila "up" iwe kumaliza. "Give up" ni kukata tamaa au kuacha, sawa, hapo kuna mwisho. Lakini "bring up" ni kulea mtoto, au kulileta jambo kikaoni. "Throw up" ni kutapika. "Show up" ni kutokea mahali. "Hold up" ni kukwamisha, na kontena zangu nyingi ziko "held up". Neno hilohilo ni pia kuvamia watu kwa silaha na kuwapora. "Put up with" ina mikia miwili na maana yake ni kuvumilia, na hakuna popote kwenye "put" unapouona uvumilivu.

Kwa hiyo nimejisahihisha kwa maandishi makubwa ndani ya mfuniko wa boksi: MKIA NI DALILI, SI MAANA. Unakuonyesha upande wa kutazama. Maana iko kwenye sentensi nzima, na ndiyo sababu kadi zangu zina sentensi nzima. Nimetengeneza chumba cha nne, cha wakaidi. Vimeingia 31.

Jumamosi nilikwenda Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Nilisoma kuhusu Samuel Johnson, Mwingereza aliyetoa kamusi kubwa ya lugha yake mwaka 1755. Kwenye dibaji yake alieleza kwamba vitenzi vinavyogeuzwa maana na kineno kinachofuata ndivyo vinavyowapa wageni shida kubwa kuliko yote. Alikuwa ameshaziona "come off", "fall on", "break off". Mtu aliyekaa miaka akipanga maneno ya lugha yake mwenyewe ametuona sisi wageni na kukiri kwamba shida ipo. Nilinakili hilo kwenye daftari.

Mtihani: 12.

Wiki ya 6

Mwisho wa mwezi, meli mbili kwa pamoja. Nimerudi nyumbani usiku kila siku. Kadi mpya hakuna.

Wiki ya 7

Swali la wiki: kile kinachotendwa kikae wapi?

Unaweza kusema "turn off the light" na "turn the light off", zote sawa. Lakini ukitumia "it", lazima iwe "turn it off". "Turn off it" haisemeki. Nimeandika makosa haya kwenye barua za kazi mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka: "we will pick up it tomorrow".

Nilijaribu kukariri kanuni, haikukaa. Kisha nikajiuliza sisi tunafanyaje. Zima taa. Taa iko nje, nyuma ya kitenzi. Ukiacha kuitaja unasema izime. Ile "i" haikai tena nyuma. Imeingia ndani, mbele ya mzizi. Nitaichukua kesho: "i" iko tumboni mwa kitenzi, na mbele na nyuma yake kuna vipande vya kitenzi hichohicho. "Pick it up" ni hivyohivyo. Jina zima linaweza kukaa nje, kiwakilishi kidogo kinakaa ndani, kati ya kitenzi na mkia wake. Tangu niione hivyo sijakosea hata mara moja kuandika, na mkono wangu unakwenda wenyewe.

Ila si vyote. "Look for it", "look after it", "look into it": hapa "it" inabaki nyuma. Nikawa tena sina njia ya kujua kipi ni kipi isipokuwa kukariri.

Wiki ya 8

Jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi melini miaka mingi. Hakupita sekondari. Kiingereza chake alikiokota masikioni, na wenzetu wanasema hivyohivyo: "pick up a language" ni kujifunza lugha kwa kuisikia tu, bila kufundishwa.

Jumapili nilimkuta barazani anatengeneza wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo karata?"

Nikamweleza. Akachukua kadi, akaziweka mbali na macho, akaanza kusoma kwa sauti. Akaniambia kwamba melini asubuhi walikuwa wakiambiwa "turn to", yaani anzeni kazi, na jioni "knock off", kazi imekwisha. Kufungua kamba meli iondoke ni "cast off". Kisha akarudia "cast off" mara tatu na kunitaka nisikilize. "Uzito uko mwisho," akasema. "Ukisema uzito mwanzo, mtu aliye upande wa pili wa meli hakusikii. Cast OFF. Turn it OFF. Pick it UP."

Nikampa "look for it". Akasoma: "LOOK for it." Uzito ukarudi mbele, "for" ikapita kama upepo.

Tulikaa hapo mpaka giza likaingia, yeye anasoma, mimi nachambua kadi mafungu mawili. Fungu ambalo mkia wake unabeba uzito karibu lote ndilo linalokubali "it" katikati. Fungu ambalo mkia ni mwepesi linaiacha "it" nyuma. Haishiki kila mahali: "look after" ina mkia wa silabi mbili na uzito wake unasikika, hata hivyo "it" haiingii kati. Lakini kwa mikia mifupi sikio la mzee lilijibu swali ambalo kanuni nilizosoma hazikunijibu.

Nilirudi nyumbani nikiwa natamka mambo peke yangu, na hapo ndipo nikakumbuka sendofu.

Hapa Dar tunakula na kucheza kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, kila wikiendi. Tunabeba mizigo kwenye pikapu. Tunakwenda hospitali kufanya chekapu, tunapaka mekapu, tunahifadhi bakapu ya simu. Yote hayo ni vitenzi vyenye mkia vilivyogeuzwa majina, vikaja kwetu na kuvikwa irabu mwishoni. Sentensi yangu ya kwanza kabisa, ile ya Ijumaa iliyonitesa, ilikuwa na "pick-up" ndani yake, na sikuitambua kama ndugu wa pikapu inayouza maji mtaani kwetu.

Sasa sikiliza uzito. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema sendOfu, pikApu, chekApu. Mkazo umeangukia palepale kwenye mkia. Kwa Kiingereza, likiwa jina, mkazo unahamia mwanzo: SEND-off, PICK-up, CHECK-up. Likiwa kitenzi, uko kwenye mkia: send OFF, pick UP. Maana yake ni kwamba mazoea ya ulimi wetu yanatukosesha kwenye jina na kutupatia kwenye kitenzi. Nikisema kitenzi, niuache ulimi wangu ufanye kama unavyotaka. Nikisema jina, niuvute mwanzo. Nimefanya mazoezi na mdogo wangu mpaka mama akatuuliza kuna nini.

Mtihani: 17 kati ya 20.

Wiki ya 9

Nimejiuliza kwa nini kanuni za forodha nazielewa na barua fupi zinanishinda. Nikaweka mbili mbili kwenye daftari: "postpone" na "put off". "Cancel" na "call off". "Investigate" na "look into". "Tolerate" na "put up with". "Submit" na "hand in". Ya kushoto zote nilifundishwa shuleni. Ya kulia nyingi nimekutana nazo kazini.

Sababu yake ni ya zamani sana. Mwaka 1066 Wanormani waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama, huku Kilatini kikiwa lugha ya kanisa na wasomi. Wakulima na mabaharia walibaki na maneno yao mafupi. Mpaka leo hati ya serikali inavaa maneno ya Kilatini na Kifaransa, na mtu anayekuandikia harakaharaka kabla ya chakula cha mchana anatumia yale ya shambani. Shule ilinifundisha lugha ya hati. Watu ninaofanya nao kazi wananiandikia kwa ile nyingine.

Hata sisi tuna hali hiyo. Kuahirisha, neno lenye asili ya Kiarabu, utalisikia mahakamani na kwenye taarifa ya habari. Nyumbani tunasema kikao kimesogezwa mbele. Nyuma ya kadi ya "put off" nimefuta kuahirisha na kuandika kusogeza mbele, ili iwe na ladha yake.

Kadi 8 tu mpya wiki hii, lakini nimerudia zote za zamani.

Wiki ya 10

Wiki ya kuandika. Kila barua pepe ninayotuma lazima iwe na angalau kitenzi kimoja chenye mkia, kilichopimwa.

Kosa ambalo nimelitafuta na kulikuta kwenye barua zangu zote za zamani: "I look forward to hear from you." Inatakiwa "to hearing". Ile "to" si ya "to hear". Ni mkia wa pili wa "look forward", na baada yake linakuja jina au kitenzi kilichovaa "-ing". Barua 61 nilizotuma mwaka huu zina kosa hilo. Nimewaonyesha wenzangu wawili, wakafungua zao, wakakuta hivyohivyo. Tumebandika karatasi ukutani juu ya mashine ya kuchapishia.

Wiki ya 11

"Fill in" na "fill out", zote ni kujaza fomu. "In" ni ndani, "out" ni nje, na fomu ni ileile. Nimeacha kutafuta sababu.

Mtihani: 18. Chumba cha wakaidi kimeshuka kutoka 31 hadi 16.

Wiki ya 12

Alhamisi, saa 9 alasiri, imeingia barua: "Tuesday's collection has been put back two days."

"Put back" haikuwa miongoni mwa kadi zangu 120. Niliisoma kwa Kiswahili changu, kama nilivyojizoeza: "back" ni nyuma, imerudishwa nyuma siku mbili. Kutoka Jumanne, nyuma siku mbili, ni Jumapili. Mkono ulikuwa umeshashika simu nimwambie dereva aje Jumapili.

Nikauweka chini. Neno lililonizuia ni lile nililoandika mwenyewe nyuma ya kadi ya "put off": kusogeza mbele. Sisi tukisogeza mbele kikao, kinachelewa. Nikatafuta upande wao. "Bring forward", kuleta mbele, kwao ni kuwahisha. "Put back", kurudisha nyuma, kwao ni kuchelewesha. Tarehe zao na zetu zimetazamana kinyume. Ufunguo uliokuwa ukinifungulia milango tangu wiki ya tatu ungenipeleka getini siku nne kabla ya wakati, na trela lingelala pale tena.

Niliandika barua ya mstari mmoja: "So we pick it up on Thursday?" Jibu lilikuja baada ya dakika kumi. Ndiyo, Alhamisi.

Ndipo nikampigia dereva.

"Dada, Jumanne ipo?"

"Haipo, kaka. Imesogezwa mbele, ni Alhamisi. Mwambie na kijana asijisumbue."

"Umehakikisha?"

"Nimehakikisha."

Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza lile neno la siku ile lilikuwa linasemaje, lile la kufutwa. Nikamwambia. Akalirudia kwa ulimi wake: koldOfu. Uzito aliuweka mahali pake.

Kadi za Jumatatu: "put back", "bring forward", "hold over". Chumba cha wakaidi bado kina 14.